Tupeane uzoefu: Wabeba maboksi mliowahi kwenda maonyesho ya ndege za kivita ughaibuni

Mrufiji_Swindon (mtoa mada)

Wakuu, habari za wikiendi.

Leo asubuhi natoka shifti ya usiku, nimesimama kituo cha basi, ikapita B-52, lile ndege la mabomu la Wamarekani, kuelekea Fairford. Injini nane, moshi mweusi nyuma, inakwenda pole pole mpaka unajiuliza nini kinaishikilia huko juu. Mzee mmoja wa Kiingereza tuliyekuwa naye kituoni aliitazama mpaka ikapotea, halafu akaniuliza kama nimewahi kwenda Air Tattoo. Nikamsimulia wee, basi langu likapita nikapanda la pili. Nikasema hii niilete huku, maana najua humu tuko wengi.

Kwa wasioijua, Royal International Air Tattoo hufanyika kila Julai kwenye kambi ya RAF (jeshi la anga la Uingereza) Fairford, Gloucestershire, si mbali na hapa Swindon. Ilianza 1971 sehemu inaitwa North Weald, ikahamia Fairford 1985. Mwaka 2003 zilikusanyika ndege 535, ikaingia kwenye rekodi za Guinness. Ni ndege za kijeshi kutoka nchi kibao, nyingine zinaruka, nyingine zimeegeshwa unazizungukia.

Nilikwenda na familia. Wife alikesha anakanda chapati, pilau ndani ya hotpot, tukatoka nyumbani alfajiri. Foleni ya magari ilianzia mbali, lakini watu wametulia, wengine wameteremka wanakunywa chai pembeni ya barabara. Kuingia tu ndani, mwanangu wa kiume akaliona C-17, ndege la mizigo la jeshi, limefungua mlango wa nyuma. Tukapanda hadi tumboni. Humo ndani unaegesha kifaru na nafasi inabaki! Askari wa kike akamweka kwenye kiti cha pembeni, akamfunga mkanda, akamwelezea jinsi wanavyoshusha mizigo kwa miavuli. Mbele kidogo rubani wa Kiitaliano anagawa stika, akamvika helmeti yake. Ile helmeti nzito, kichwa cha mtoto kikainama, na macho yanaonekana kwa mbali kupitia kioo cheusi.

Halafu ikaja Typhoon, ndege ya kivita ya RAF. Jamani. Inapita kwanza, sauti inafuata. Ilipowasha moto wa nyuma na kusimama wima kwenda juu, nyasi zilitetemeka, kifua kikatetemeka, binti yangu mdogo akanishika shingo kwa mikono yote miwili. Nikatazama, nikakuta analia na kucheka kwa pamoja. Baadaye ikapita Lancaster na Spitfire na Hurricane, zile za vita ya pili, pole pole kabisa, na uwanja wote ule ukanyamaza. Mwisho Red Arrows, timu ya RAF ya michezo ya angani, ndege tisa aina ya Hawk kwa pamoja.

Kitu kilichoniingia zaidi wakuu ni ule ukaribu. Mimi nimekulia Temeke. Ndege za jeshi tulikuwa tunaziona tarehe 9 Desemba zikipita juu ya Uwanja wa Uhuru, sekunde chache, basi. Askari wa anga hujawahi kumuuliza swali. Hapa mtoto wangu ameshika tairi la ndege ya kivita na kumuuliza rubani anajisaidiaje akiwa angani, na amejibiwa kwa heshima. Nikawaza, JWTZ wangefungua Ngerengere siku moja tu kwa mwaka, wanafunzi wa Morogoro na Dar wakaingia, tungepata marubani wangapi? Mafundi wangapi?

Karibuni, kila mtu atupe yake.

Binti_Tandale

Umenikumbusha mbali. Ule mngurumo haurekodiki kwenye simu, nimeshajaribu.

Fundi_Ndege_Luton

Mtoa mada umeandika vizuri. Mimi ni fundi wa ndege za abiria, nakwenda kila nikipata likizo. Niongezee kidogo kuhusu Red Arrows: moshi wao ni dizeli. Inamwagwa kwenye hewa moto inayotoka nyuma ya injini, inageuka mvuke mweupe. Nyekundu na bluu ni dizeli hiyo hiyo imechanganywa na rangi. Rubani anabonyeza kitufe kwa amri ya kiongozi, ndiyo maana unaona wote tisa wanawasha sekunde moja. Timu iliundwa 1964.

Kuhusu Ngerengere nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mimi ufundi huu niliupenda kwa kuangalia ndege kupitia uzio wa uwanja wa Dar tukifukuzwa na walinzi.

Mzalendo_Halisi

Hapana, hapo kwenye Ngerengere nakataa. Kambi ya jeshi ni kambi ya jeshi. Hawa wenzetu wanaonyesha wanachotaka kuonyesha, vya maana vimefichwa. Sisi tuna ndege chache, ukifungua geti adui amehesabu zote mchana mmoja.

Fundi_Ndege_Luton

Adui gani wa leo anahesabu ndege kwa kuingia getini na tiketi? Setilaiti zipo.

Mzalendo_Halisi

Wewe huishi hapa, huwezi kuelewa ulinzi wa hapa.

Mzee_wa_Igoma

Vijana msigombane. Mimi nilikuwa mwanafunzi Mwanza 1979, wakati wa vita ya Kagera. Gaddafi alimsaidia Amin kwa ndege ya Tupolev, ikaja kupiga Mwanza mwishoni mwa Machi. Ikakosa mji kabisa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala. Tulikimbilia kwenye mawe, na mawe Mwanza hayajawahi kutuangusha. Kwa hiyo mimi ndege ya kivita ikipita juu, kitu cha kwanza naangalia jiwe liko wapi. Kijana wangu wa Birmingham alinipeleka kwenye maonyesho nilipokwenda kumtembelea. Nilifurahi, lakini nilikaa karibu na ukuta.

Binti_Tandale

Shikamoo mzee. Hii ya Saanane sikuwahi kuisikia darasani.

Kamau_wa_Nyeri

Habari zenu kutoka Coventry. Nimesoma hiyo sehemu ya Lancaster na watu kunyamaza, nikaona niseme yangu.

Nilienda Fairford na wenzangu wa kazi. Nilikuwa naenjoy kama kila mtu, hadi ikaja Harvard, kandege kadogo ka mafunzo, rangi ya njano, propela inatoa sauti kali ya kukwaruza. Hiyo sauti iliniingia vibaya na nikajua ni kwa nini. Cucu wangu, yaani nyanya yangu, aliishi karibu na msitu wa Nyandarua. Wakati wa Mau Mau, RAF ilileta Harvard Kenya 1953, zikawekwa mabomu madogo. Baadaye zikaja Lincoln kutoka huku huku Uingereza, zikawa zinaangusha mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000 kwenye Nyandarua na Mlima Kenya hadi 1955. Lincoln ilizaliwa kutoka kwa hiyo Lancaster mliyoivulia kofia. Cucu alikuwa akituambia jinsi ndovu na nyati walivyotoka msituni wamejeruhiwa, wamepandwa na wazimu, wakaingia mashambani. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, huyo mtoto ni mamangu. Alikuwa akiigiza hiyo sauti ya Harvard kwa mdomo. Ndiyo hiyo hiyo niliyoisikia Fairford nikiwa na aiskrimu mkononi.

Sikuondoka. Nilibaki hadi mwisho. Lakini mtangazaji alisoma historia ndefu ya hiyo ndege, wapi ilitumika, nani alifundishwa nayo, na Kenya haikutajwa. Hiyo iliniuma kuliko sauti yenyewe.

Mwana_wa_Pugu

Sasa ndugu tiketi ulinunua ya nini? Ulijua unakwenda kuona RAF.

Kamau_wa_Nyeri

Nilinunua kwa sababu napenda ndege. Na ninakumbuka cucu. Vyote viwili vinatoshea ndani ya mtu mmoja.

Mwana_wa_Pugu

Nyie mnaishi kwao, mnakula kwao, mnalipwa na wao, halafu mnaleta ya mwaka 47.

Mrufiji_Swindon

Mwana wa Pugu, hapo hapana. Nimeuanzisha uzi ili kila mtu atoe lake. Kamau, asante sana, mimi ile Harvard niliipiga picha nzuri tu na sikujua habari yake. Nitamwonyesha mwanangu hiyo picha tena.

Wambo_Eastleigh

Kamau umenigusa. Na hata hizo Lincoln zilikuwa zinatokea hapa kwetu, uwanja wa Eastleigh, leo Moi Air Base. Kwa wazazi wetu kuna na ile ya Agosti 1, 1982, jeshi la anga lilipojaribu mapinduzi. Mamangu hadi leo F-5 za Nanyuki zikipita Jamhuri Day anafunga mapazia. Mimi natoka nje kuangalia, tunagombana kila Desemba.

ChakeChake_Muscat

Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, kwetu Pemba. Huku Ghuba watu wanapenda mambo haya kupita kiasi. Nilikwenda Dubai Airshow, inafanywa Novemba kila baada ya miaka miwili pale uwanja wa Al Maktoum. Lakini ile ni ya biashara zaidi, watu wamevaa suti wanauziana ndege, huendi na watoto na bakuli la pilau. Timu ya Imarati, Al Fursan, wanamwaga moshi wa rangi za bendera yao, uzuri wake usiseme. Wallahi nilipenda. Lakini mwaka 2025 ile Tejas ya India ilianguka pale pale mbele ya watu na rubani akafariki, Mungu amrehemu. Tangu siku hiyo mke wangu hataki kusikia.

Mama_Pacha_Leicester

Na ana haki mkeo! Mimi nashangaa mnavyobeba watoto mnapeleka kwenye kitu kinachoanguka. Shoreham hapa Uingereza, 2015, watu 11 walikufa, na wengine wala hawakuwa kwenye maonyesho, walikuwa wanapita barabarani na magari yao. Ramstein, Ujerumani, 1988, watu 70. Ukraine 2002, Lviv, 77. Hizo si ajali, ni tabia.

Fundi_Ndege_Luton

Dada yangu, takwimu zako ni za kweli, sibishi. Ila jua na kilichofuata. Ramstein ndege ya Waitaliano ilikuwa inakuja kuelekea watazamaji, ikagongana na wenzake, moto ukaingia moja kwa moja kwenye umati. Baada ya hapo sheria zikabadilika: pua ya ndege haielekezwi kwa watu, michezo inafanyika sambamba na mstari wa watazamaji, na kuna umbali wa lazima. Baada ya Shoreham, Uingereza wakakaza zaidi, mpaka maonyesho madogo mengi yakashindwa gharama yakafa.

Mama_Pacha_Leicester

Sheria haimzuii rubani kukosea.

Kaka_Mkubwa_Reading

Mmenikumbusha kitu ambacho nimekaa nacho miaka yote. Mimi nilikuwepo Fairford tarehe 24 Julai 1993. Nilikuwa mwanafunzi, nimefika Uingereza karibuni, rafiki yangu wa hosteli ana tiketi ya ziada akaniambia twende.

MiG-29 mbili za Warusi. Kumbukeni wakati ule Usovieti umeanguka juzi juzi, watu hapa wanaziona kwa hamu, wamekua wanatishwa nazo. Zilikuwa zinacheza pamoja, mawingu yapo chini chini. Zikaingia kwenye mzunguko, moja ikaigonga nyenzake. Sikuelewa nilichokiona. Moja ikakatika na kuwaka moto pale pale angani. Kilichonishangaza ni watu: hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Palikuwa na "aaah" moja ndefu ya chini, maelfu ya watu kwa pamoja, halafu wakaanza kuonyeshana vidole, mwavuli! mwavuli! Marubani wote wawili walijirusha kwa viti vyao, wote wakatua wazima. Mabaki yakaanguka, na pale chini hakufa mtu. Moshi mweusi unapanda, mama mmoja mbele yangu amemkalisha mwanawe chini na kumfunika uso kwa gazeti la programu.

Nilitetemeka magoti jioni nzima. Rafiki yangu hakurudi tena kwenye maonyesho. Mimi nimerudi, na siwezi kuwaelezea kwa nini, ila nilipoona wale marubani wametoka salama nilijisikia kama nadaiwa kitu na zile ndege.

Binti_Tandale

Mama yangu weee. Nimesoma nimesimama.

Fundi_Ndege_Luton

Kaka mkubwa, vile viti vya Warusi, K-36, vilijipatia sifa dunia nzima kwa matukio kama hayo. Sisi mafundi tunavitaja mpaka leo.

Kivu_Toronto

Bandugu, nilikuwa nasoma tu. Lakini ile pahali mutu ameandika kifua kutetemeka, na huyu mwingine mama kufunika mutoto, imeniamusha. Yangu haiko ya furaha.

Tunakaa Toronto, ghorofa ya juu, karibu na ziwa Ontario. Kila mwanzo wa Septemba, siku za Labour Day, ndege za jeshi zinafanya maonyesho juu ya ziwa. Snowbirds, CF-18, wakati mwingine na za Amerika. Mazoezi yanaanza Ijumaa, mbele ya siku yenyewe. Sisi wenye kuishi hapa zamani tumezoea, batoto banatoka kwa balkoni kupiga picha.

Mama yangu alikuwa amefika Canada ile summer. Ni mutu wa Rutshuru, kule Congo. Alikimbia 2012, wakati wa vita ya kwanza ya waasi ba M23, helikopta zilikuwa zinapiga milima juu ya muji. Akavuka mupaka kwa miguu, akaishi Nakivale kule Uganda miaka mingi mpaka karatasi zake zikapita. Mimi nilikuwa kazini, kwa warehouse. Nilimuachia batoto bangu. Hakuna mutu aliwaza kumuambia juu ya ndege. Kwenye jengo hakukuwa tangazo hata moja.

Simu inalia. Ni binti yangu, anasema pole pole: "Papa, bibi ametulalia."

Nikauliza wapi. "Kwa bafu." Nikasikia ndege ikipita ndani ya simu, na nyuma yake sauti ya mama, "musilie, musilie, itapita." Nilitoka bila kuaga, sikumbuki nilivyoendesha gari.

Nilipofika, mulango umefungwa kwa ndani na kiti kimewekwa. Nikaita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kinande, akafungua. Alikuwa amevaa viatu. Amefunga kitenge kiunoni, na ndani ya kitenge kuko mufuko wa plastiki na karatasi yake ya UNHCR, ile ya Nakivale, pamoja na passport za batoto bangu. Kwa mulango ameweka sufuria: ndani kuko unga, chumvi, kiberiti, na dawa ya malaria alikuja nayo. Batoto balikuwa ndani ya bafu, godoro juu yao. Alikuwa tayari kutembea. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Tunapita njia gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini kwa sakafu pamoja naye.

Na kitu ingine. Nilipotoka kwa korido kutafuta maji, nikakuta jirani yetu, mama wa Sri Lanka, Mutamil, amekaa chini mbali na madirisha na batoto bake. Tunasalimiana kila siku kwa lifti, sikuwahi kujua. Akanitazama, akanionyesha juu kwa kidole, akatikisa kichwa. Nikamuleta ndani. Mama yangu hajui Kiingereza, yule mama hajui Kiswahili. Bakakaa pamoja mpaka jioni, bameshikana mikono, kila ndege ikipita banakazana.

Mimi sisemi batu bakataze maonyesho. Batoto bangu banayapenda. Lakini Toronto ni muji wa batu batokao vitani, kutoka dunia yote. Karatasi moja kwa lifti, kwa luga nyingi, siku na saa. Ile tu.

Mama_Pacha_Leicester

Kaka, pole sana. Pole mno. Nimeacha sufuria jikoni.

Kamau_wa_Nyeri

Hiyo swali ya mama yako, njia gani. Wueh. Pole ndugu. Mungu amlinde mama.

Mzee_wa_Igoma

Mwambie mama mzee wa Igoma anamsalimu, na kwamba alifanya sawa kabisa. Viatu, karatasi, chumvi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwana_wa_Pugu

Haya maonyesho yapigwe marufuku kwenye miji. Basi. Yafanyike jangwani huko.

Fundi_Ndege_Luton

Ukiyapeleka jangwani hayo si maonyesho tena. Tofautisha: Fairford mtu anakwenda kwa hiari, amenunua tiketi. Toronto ndege inamfuata bibi wa watu nyumbani kwake. Hayo ni mambo mawili.

Mwana_wa_Pugu

Umeona sasa? Ndiyo nilichosema.

Fundi_Ndege_Luton

Sicho ulichosema.

Nesi_Mtwara

Naomba niseme kidogo, nafanya kazi kwenye kliniki na wakimbizi wanakuja sana. Ndugu wa Kivu, mama yako si mgonjwa wa akili, mwili wake unakumbuka kazi uliyofundishwa. Mambo yanayosaidia ni haya ya kawaida. Mwambie siku kadhaa kabla, na umwonyeshe kwenye kalenda. Siku ya mazoezi usimwache peke yake na watoto. Akitaka kuvaa viatu, avae, usimzuie. Na msimwambie "acha woga hapa ni Canada", hilo neno linaumiza. Kama usingizi umepotea au anashtuka kila mlango ukigongwa, hapo nendeni kwa daktari, na mdai mkalimani, msimtumie mtoto kutafsiri mambo hayo.

Familia moja niliyoihudumia waliamua siku zile wanahama mji, wanakwenda kwa ndugu mpaka Jumatatu usiku.

Kivu_Toronto

Aksanti sana dada. Na sisi tunafanya vile. Tunaenda Guelph kwa shangazi ya mke wangu, na yule mama Mutamil tunamubeba na batoto bake. Mama yuko muzima, ako kwa kwaya ya kanisa. Lakini amekataa kabisa nyumba yenye kuangalia ziwa, tunatafuta ingine.

Wambo_Eastleigh

Nimeamua Desemba hii sitoki nje. Nitakaa ndani na mathe, mapazia yafungwe.

ChakeChake_Muscat

Uzi umegeuka huu. Tumwombee mama yetu.

Kijana_Mbagala

Wakuu, poleni kwa yote. Samahani kuwarudisha nyuma, mimi niko Bristol, nimekuja kwa viza ya kea, sijawahi kwenda popote zaidi ya kazini. Nataka Fairford Julai hii na mdogo wangu. Tiketi mlangoni zipo? Nibebe nini?

Mrufiji_Swindon

Mlangoni hakuna, nunua mapema mtandaoni. Beba maji, kofia, koti la mvua hata kama jua linawaka. Viziba masikio ni lazima, na mdogo wako mnunulie vile vya kufunika masikio yote. Fika saa kumi na mbili asubuhi.

Binti_Tandale

Usifike saa kumi na mbili, utakaa kwenye foleni na kila mtu aliyeambiwa afike saa kumi na mbili. Saa nne barabara nyeupe.

Kaka_Mkubwa_Reading

Saa nne utakosa nafasi ya mbele. Fika mapema, lala kwenye gari.

Fundi_Ndege_Luton

Mkibanwa na pesa, wengine wanaangalia kutoka mashambani nje ya uzio, karibu na kile kijiji cha Kempsford. Wenye mashamba wanatoza kidogo kwa kuegesha. Hutaingia kwenye C-17, lakini ndege zinapita juu ya kichwa chako zikitua. Na angalia hali ya hewa: 2008 mvua iliroweka viwanja vya kuegesha magari, maonyesho yote yakafutwa.

Mama_Pacha_Leicester

Kaa mbali na njia ya ndege. Na ondokeni kabla ya Red Arrows, msikwame kwenye foleni ya kutoka.

Mrufiji_Swindon

Uondoke kabla ya Red Arrows?? Dada, hapo umekosea. Kijana, baki mpaka mwisho, fungueni chapati zenu, foleni itaisha yenyewe.

Nesi_Mtwara

Na choo nenda wakati ndege kubwa za mizigo zinaruka, foleni inakuwa fupi. Wakati wa Typhoon vilevile, maana wote wameganda.

Binti_Tandale

Akienda chooni wakati wa Typhoon amekwenda kufanya nini Fairford?

Kijana_Mbagala

Asanteni sana wakubwa. Sina gari lakini. Treni inafika?

Mrufiji_Swindon

Treni haifiki Fairford, unashukia Swindon. Siku za maonyesho huwa kuna mabasi maalum kutoka stesheni hadi getini, tiketi ya basi unaikata mapema pia. Ukishapata tarehe nitumie ujumbe pembeni, nyumbani kwangu si mbali na stesheni, mtalala kwangu usiku ule na mdogo wako. Wife kashasema chapati ataongeza.